Jina Lililoitwa Uwanjani

Nafasi ya mtoto wetu katika shule ya mapadri ilitugharimu samaki wa chumvi wa kujaza beseni, mbuzi jike mwenye mimba, meno matatu ya mbele, fimbo ishirini na tano, na jina la bwana yangu. Mbuzi ninamhesabu mara mbili kwa sababu ya kile kilichokuwa tumboni. Padri alimhesabu mara moja. Tulibishana, nikashindwa, na hilo limekwisha. Jina bado.

Kwanza nieleze habari ya majina, maana atakayesoma haya akiwa Kisangani au Kalemie hataelewa kwa nini tulipigwa. Kwetu, toka Lubero mpaka Beni, mtoto hachaguliwi jina. Anakuta linamngojea, kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu hivyo hivyo, na wasichana nao vilevile. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaita jina la mvulana wa pili, wauza sukari watageuka, wasukuma chukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili, watageuka, na padri anayepita na pikipiki atapunguza mwendo. Bwana yangu ni mvulana wa pili kwao. Kijana niliyemtafutia shule ni mvulana wa pili kwetu. Jina lenyewe siliandiki hapa. Wanaolibeba wamekwisha kupigwa vya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vita ambapo Kinshasa tuliisikia kwenye redio tu. Waliotutawala walikuja na bunduki, na kila walipobadilishana walituachia njiani bariyeri mpya, kizuizi cha kukagulia watu, bila kuondoa ya zamani. Mimi nilikuwa ninachuuza samaki. Nilishuka ziwani Kyavinyonge, nikanunua kwa wavuvi, nikapanda nao Butembo, na njia ikiwa na huruma niliwafikisha Beni. Aliyenunua sikumuuliza samaki wanakwenda kuliwa wapi. Bwana yangu alikuwa fundi wa kushona huko Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, mtu wa cherehani na sindano, asiyekwenda mbali kuliko duka la nyuzi.

Mkubwa wa watoto wetu alichukuliwa kwenye bariyeri ya njia ya Beni. Alikuwa amenibebea beseni. Alikuwa mrefu kuliko umri wake, na urefu ndio uliomponza. Nilipiga magoti, nikatoa samaki wote, nikafungua na kitenge cha juu nikakitoa. Askari mmoja akachukua samaki, wa pili akachukua kitenge, wa tatu akamshika mtoto shingoni. Kisha wakanirudishia beseni.

"Kamata beseni yako, mama," akasema yule wa kwanza. "Sisi hatuko bezi ya kuiba beseni."

Donc, basi, tulipoanza kumtafutia mdogo wake shule, hatukutafuta Kifaransa wala hesabu. Tulitafuta ukuta. Ile shule ya mapadri juu ya kilima ilikuwa na ukuta wa matofali, lango la chuma, na bweni la kulala watoto, na mpaka siku hiyo hakuna mwenye bunduki aliyeingia kutoa mtoto mle. Mji mzima ulikuwa umepiga hesabu kama yangu. Siku ya mtihani wa kuingia watoto walijaa madarasa, wengine wakaandikia juu ya magoti, nje, chini ya paa la jiko.

Kwa siku ya majibu, padri mkuu wa shule alitangaza kanisani kwamba wazazi waje peke yao. Kukusanya wavulana pahali pamoja, wakati ule, ilikuwa kuwarahisishia askari kazi. Akaongeza sheria moja: jina la mtoto likisomwa, mzazi wake ajibu palepale. Asipojibu, nafasi inapita kwa mtoto anayefuata kwa alama. Hakutaka kitanda kikae wazi kikimngojea mtu aliyekwisha kuvukia Uganda.

Bwana yangu alikuwa amekwisha kushona yunifomu. Shati jeupe, kaptula ya bluu, vifungo vyote vimekaa.

"Baba," nikamwambia, "unakata kitambaa mbele padri hajakubali?"

"Mutoto anakuwa mukubwa kila siku. Nikingoja, kitambaa itaongezeka bei na yeye ataongezeka miguu."

Alikuwa na haki, nikanyamaza. Sikunyamaza mara nyingi.

Tuliketi kwenye majani ya uwanja asubuhi, manyunyu yakituangukia. Beseni langu lilikuwa kati ya magoti, limejaa samaki. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya minervali, yaani karo ya shule. Noti za wakati ule zilipoteza nguvu mtu akiwa bado anazihesabu, basi mapadri walikubali chakula cha bweni. Karibu yetu alikaa seremala mmoja wa Bungulu, Beni, aliyekuja kwa baiskeli. Mtu wa maneno. Kufumba na kufumbua tulijua kwamba yeye pia ni mvulana wa pili kwao, na kijana wake wa mtihani vilevile.

"Basi bakiita, tusimame sisi wote," akasema, "padri achague mwenye sura nzuri."

"Na ile sura yako?" bwana yangu akamjibu. "Utamupotezea mutoto nafasi."

Tulicheka. Padri akatoka kwenye baraza, akafuta miwani kwa kanzu, akatusalisha. Tulikuwa bado tumeinamisha vichwa wakati lango lilipogongwa kwa nguvu, likafunguliwa, na sauti moja kubwa ikaita jina. Jina peke yake, lile la mvulana wa pili.

Bwana yangu aliruka kabla ya kufungua macho. Mkono juu, kama mwanafunzi.

"Niko hapa! Asante Yesu! Njo mimi, ni mimi baba yake!"

Alikuwa bado anatabasamu kitako cha bunduki kilipomfikia. Ndiyo sababu meno yalikwenda matatu. Mtu aliyefunga mdomo angepoteza moja.

Seremala wa Bungulu alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Nilimwona akigeuza kule kuinuka kuwa kurekebisha suruali, kisha akakaa tena polepole.

Walikuwa askari wachache na komanda wao. Komanda alijikinga manyunyu na mwavuli wa waridi, wa mwanamke, ambao sijui mwenye nao aliuachia wapi. Watu walioketi nyuma walikimbilia ukuta. Askari mmoja alipiga risasi kabla hata ya kuambiwa. Baba mmoja aliyekuwa amekwisha kushika juu ya ukuta akarudi chini upande wetu, shingo imefunguka, kofia bado iko mkononi. Alipigapiga miguu kwenye maua ya mapadri, akatulia. Baada ya hapo kila mtu alikaa, hata wale ambao hawakuwa na pa kukaa.

Komanda akaeleza, kwa upole, kama anayetangaza ndoa. Kuna mtu wa jina hili analisha vijana wa msituni wenye bunduki. Anawapelekea samaki wa chumvi.

Nami nilikuwa nimelikumbatia beseni.

Samaki wa Kyavinyonge hafichiki. Ukimfunika kwa kitenge, kitenge kinanuka. Ukimfunika kwa mwili, unanuka wewe. Seremala wa Bungulu, bila kunitazama, alivua koti lake akalitupa juu ya beseni. Halikusaidia pua ya mtu, lakini lilisaidia macho.

Walimlaza bwana yangu kifudifudi. Shati lake likapandishwa. Damu ya mdomo ilikuwa ikiingia kwenye majani.

"Makumi tano," akasema komanda. "Akibaki na pumzi, tutamuuliza njia ya pori."

Fimbo hamsini nilizijua. Nilikuwa nimeona mtu wa Vulamba aliyezipata. Walimleta nyumbani juu ya chukudu na hakuumaliza usiku. Nikasimama, nikaenda mpaka pale maji ya mwavuli yalipoangukia.

"Shefu, makumi tano ni ya mwenyewe. Huyu haiko mwenyewe. Ni fundi wa nguo. Angalia vidole yake, sindano imemukula yote."

"Jina njo ile."

"Jina njo ile, lakini mutu haiko ule."

"Mama, balinitumia jina. Sura, hapana."

Hapo nilikuwa na hoja nzuri kuliko zote nilizopata kuwa nazo maishani, na ninaieleza kwa sababu mchuuzi anajua uchungu wa kuficha mali nzuri. Kama fimbo hamsini ni za jina, basi zigawanywe kwa wote wenye jina. Katika uwanja ule walikuwa wengi. Nilikuwa nimekwisha kuwahesabu kwa macho, mara mbili, kama kawaida yangu. Kwa mgawo ule kila mmoja angepata chache tu, angelala kwa tumbo siku kadhaa, akapona. Hesabu ilikuwa safi. Nikamwona seremala ameinamisha kichwa mpaka magotini. Nikaimeza hoja yangu.

"Shefu, niko na kintu kidogo."

Nikarudi, nikaondoa koti, nikabeba beseni mpaka miguuni pake. Uwanja mzima ulisikia harufu, na uwanja mzima ulielewa nilichofanya: nimelipia mashtaka kwa ushahidi.

"Samaki ya chumvi," akasema komanda, taratibu.

"Ni minervali ya mutoto wangu. Ni chakula ya mapadri. Uliza padri."

Kila mtu akamtazama padri. "Ni ya shule," akasema. Na kwa bahati yake na yangu ilikuwa kweli, au ingekuwa kweli baada ya dakika chache.

Komanda alichukua samaki mmoja, akamvunja, akamnusa.

"Ya Kyavinyonge?"

"Ya Kyavinyonge, shefu. Mupya."

"Iko na chumvi mingi."

"Njo chumvi inamulinda."

"Ishirini na tano."

"Kumi, shefu. Angalia mugongo yenyewe, haina nyama."

"Mama, usinichezee. Ishirini na tano, na beseni."

"Beseni, hapana," nikasema, na mimi mwenyewe nikashangaa sauti ilivyotoka. "Samaki kamata. Beseni balisha kunirudishia siku ingine."

Alinitazama sana. Kisha akacheka, akafunga mwavuli, akaufungua tena chini juu, na askari wake wakamwagia samaki wangu ndani ya mwavuli wa waridi.

Askari aliyepewa fimbo apige alikuwa mdogo kuliko wote. Kofia ilimshukia machoni. Nilimtazama mara mbili. Hakuwa wangu.

Alipiga vizuri, alihesabu vibaya. Ngozi ilipasuka mapema, na kila fimbo iliyofuata iliangukia mahali palipokwisha kupasuka, ikitoa mlio kama nguo mbichi inayopigwa juu ya jiwe. Bwana yangu alilia mwanzoni, halafu akaacha, na kule kuacha ndiko kulinitisha. Alipofika kumi na mbili, kijana akasema tena kumi na moja.

"Kumi na mbili imeshapita, mwanangu," nikamwambia. "Tuko kumi na tatu."

Akamgeukia komanda. "Fwata hesabu ya mama," akasema komanda. "Yeye njo karani."

Basi nilihesabu mimi. Fimbo za bwana yangu, kwa sauti, mbele ya wazazi wenzangu, na kijana akingoja namba yangu ndipo apige. Baada ya kumi na tisa nikasema ishirini na moja.

"Mama," akasema komanda.

"Makumi mbili," nikasema.

Walipokwisha, walitoka na mwavuli wao, askari wawili wakiushika kama mtoto wa ubatizo. Njia ya pori hawakuiuliza. Lango likabaki wazi. Mtu akafunika uso wa yule wa kwenye maua. Wamama wawili walikuja wakanisaidia kumkalisha bwana yangu, akashindwa kukaa, tukamlaza ubavu. Mdomo ulikuwa umevimba mpaka hauna umbo.

Padri alibaki pale barazani. Sijui kama ilikuwa ugumu wa moyo au akili. Alisema, "Tuendelee, kabla hawajarudi," akaanza kusoma.

Majina ya kwanza yalijibiwa kwa sauti ndogo. Mzazi alisema "niko" bila kusimama, akitazama lango. Kisha padri akasoma jina la mvulana wa pili.

Wenye jina wakageukia lango.

Akaongeza la pili la mtoto, akaongeza na mtaa: "Wa Bungulu, Beni."

Nilimgeukia seremala. Alikuwa amefunga midomo mpaka imekuwa myeupe. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote.

"Baba, ni mutoto yako! Amepita! Jibu!"

"Ni bo, bale askari," akanong'ona. "Ni mutego. Banaita wale balibakia."

"Ni padri! Fungua macho!"

"Mama, tafazali."

"Wa Bungulu," padri akarudia. "Mzazi yupo?"

Nikafungua mdomo nimjibie. Mkono wake ukanifunga mdomo, mkono wa randa na msumeno, unanuka samaki wa beseni langu.

"Usiniuze, mama," akaniambia sikioni. "Haukuniuza ile mara ya kwanza. Usiniuze sasa."

"Nafasi inapita," akasema padri. "Anayefuata kwa alama."

Na anayefuata kwa alama alikuwa na jina lilelile. Ukumbuke habari ya majina niliyoanza nayo. Padri alilisoma, na wanaume wote wenye kulibeba wakatazama majani. Bwana yangu, pale chini, alilisikia. Nilimwona akilisikia. Alikaza uso wake kwenye udongo na akavuta magoti kifuani. Padri akasoma la pili la mtoto, akasema, "Wa Vulamba."

Niling'oa ule mkono mdomoni.

"Niko! Tuko! Yuko! Wa Vulamba, yuko!"

"Ni nani anajibu?"

"Mama yake."

"Na baba?"

"Ni ule analala pale."

Padri akaandika. "Na minervali?"

"Imeshatoka, padri. Uliiona ikitoka."

Aliniangalia, akasema tutazungumza. Hapo ndipo mbuzi alipoingia.

Seremala alikuwa bado amekaa. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani kidogo, pale mdomo wangu ulipokuwa.

"Ule ni wako?" akauliza.

"Ni wangu."

Akaokota koti lake, akalinusa, akalivaa. "Itanuka samaki mpaka Beni," akasema, akachukua baiskeli yake ukutani, akaipitisha pembeni ya maua bila kutazama chini.

Ukuta ulishika. Kijana wetu alilala nyuma yake mpaka alipopata diploma. Bwana yangu alishona miezi mingi akiwa wima, kwa mkono, kwa kuwa cherehani inataka mtu aketi. Kijana wa Bungulu alichukuliwa kabla ya Noeli ya mwaka ule ule. Alirudi vita vilipopoa, mkono wa kulia umekatwa chini ya kiwiko, akakuta baba yake amemwekea seti ya randa. Mkubwa wangu hajarudi. Beseni ninalo.

Nilimkuta seremala sokoni Beni, kijana wetu akiwa bado shuleni.

"Mama," akaniita, "nafasi yangu inaendelea?"

"Inaendelea, baba. Iko mwaka ya tano."

Akanipunguzia bei ya kiti bila mimi kuomba. Nililipa bei nzima. Ni mara moja tu nimefanya hivyo, na sitaki mtu azoee.

Lakini bwana yangu, toka siku ile, hajaitika jina lake. Ukimwita njiani haendelei wala hageuki, anasimama, anangoja. Hospitalini walimwita zamu yake mara nyingi mpaka wakampa mwingine dawa, naye akarudi nyumbani na homa yake. Siku kijana wetu alipopewa diploma, walimwita baba apande jukwaani. Nilipanda mimi. Nyumbani tunamwita Fundi, na majirani wameshika hivyo.

Sasa mwezi huu kijana wetu amepata mtoto. Mvulana. Wa pili. Jina linamngojea, kama kawaida. Fundi alimpakata siku moja nzima, akamshonea nguo, halafu akaniambia, kwa lile pengo lake la meno: "Mukimuita ile jina, sitamushika tena." Wazee wa ukoo nao wamesema kuruka jina ni kumzika mtoto akiwa hai, na kwamba atakayezaliwa nyuma yake hatajua akae zamu gani. Nimejaribu kupatana na upande huu, nimejaribu na ule. Hakuna anayeshuka hata kidogo.

Katekista ameweka ubatizo Jumapili ijayo, na atauliza jina mbele ya watu, na mtu lazima ajibu. Ninyi mnaolibeba jina hili, mlioko Lubero, Butembo na Beni, mnipe shauri. Nimwite nani mtoto huyu?